Soliflori si asumini tupu

Wiki hii nimemsikia tena muuzaji wa manukato akimwambia mteja kwamba kichupa alichokishika ni "soliflori, yaani asumini tupu, hakuna kingine humo ndani." Mteja akalipa, akashukuru, akaenda zake. Nimelisikia dai hilo mara nyingi mno, na linanikera kwa sababu linaificha kazi nzuri ya mtunzi wa marashi.

Soliflori ni marashi yaliyotungwa ili yatoe harufu ya ua moja. Maana yake ni hiyo tu. Neno linataja harufu inayosikika, halitaji vilivyomo chupani.

Asili yake ni Kifaransa, soliflore, na mizizi yake ni ya Kilatini: solus, "peke yake", na flos, floris, "ua". Wafaransa wana pia chombo cha nyumbani chenye jina hilohilo, chombo cha maua chenye shingo nyembamba inayotosha bua moja. Kwangu chombo hicho kinaeleza jambo hili kuliko kamusi. Ni kioo au udongo, ndani mna maji, nacho kimesimama juu ya meza. Lakini anayeingia sebuleni haoni ila ua. Soliflori ni hivyo hivyo. Viungo vinaweza kuwa kumi au hamsini, na kazi ya vyote ni kulishika ua lisimame mbele yako.

Tena yapo maua ambayo hayatoi kabisa mafuta yanayofaa. Mfano ni muguet, kiua cheupe chenye umbo la kengele ambacho Wafaransa hupeana kila tarehe 1 Mei. Hukikeneki ukapata harufu yake. Mwaka 1956 Edmond Roudnitska aliitungia Dior, kampuni ya mitindo na manukato ya Ufaransa, marashi ya Diorissimo, na hadi leo wengi wakitaka mfano wa soliflori ya muguet hutaja hayo. Roudnitska alikuwa na muguet bustanini kwake, huko Cabris karibu na mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, akayajenga marashi yake kwa pua na kwa kemia, mojawapo ya viungo ikiwa haidroksisitronelali, kitu cha maabara. Kama soliflori ingekuwa lazima itoke ndani ya ua lenyewe, Diorissimo isingekuwepo.

Hata waridi, ambalo mafuta yake yanapatikana, halikubali dai la muuzaji yule. Waridi likikenekwa kwa mvuke, sehemu kubwa ya fenilethili alkoholi, ambayo ni roho ya harufu ya waridi bichi, huyeyuka na kubaki katika maji. Ndiyo maana maji ya waridi yananukia vizuri hivyo, na ndiyo maana mafuta yake, ingawa ni safi, hayafanani sawasawa na ua lililo mtini. Mtunzi anayetaka waridi lililo hai hana budi kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo kuongeza viungo kunaweza kuyasogeza marashi karibu zaidi na ua.

Kinyume cha soliflori ni shada: maua kadhaa yaliyofungwa pamoja hata usiweze kulichomoa moja. Chanel N° 5 ya mwaka 1921, kazi ya Ernest Beaux, ina asumini na waridi, lakini haikusudii kukuonyesha lolote kati ya hayo peke yake. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Koja la asumini ni ua moja. Kikuba, chenye rehani, asumini na vinginevyo vya kunukia, ni mchanganyiko, na uzuri wake umo humo katika kuchanganyika.

Na ile bidhaa ya muuzaji, kama kweli ni mafuta ya asumini bila kitu kingine, ina heshima yake na haihitaji jina la kuazima. Hayo ni mafuta ya asumini, au uturi wa asumini, kama vile halwaridi inavyoitwa halwaridi. Akiwa na soliflori mkononi, amwambie mteja hivi: "Haya yametungwa yanukie asumini." Kisha ampulizie kidogo kiganjani, amwache anuse.