Chakula cha paa hudondoka kutoka juu

Wenye eka tatu zenye kichaka, hasa wa kusini Unguja, huniuliza: nipande nini ili paa, wale swala wadogo wa msituni, wakae? Jibu langu la kwanza huwa kwamba weka panga chini.

Ushauri mwingi wa kukata miti uliomo mtandaoni umetoka Marekani, na kwa huko ni ushauri sahihi. Kulungu wao, wale wenye pembe zenye matawi, hula sana machipukizi ya miti midogo. Mwenye msitu akiangusha baadhi ya miti mikubwa, jua hufika chini na chakula kinaota palepale mdomo unapofika.

Paa wetu hawaishi hivyo. Paa nunga, mkubwa kuliko wenzake, hafiki hata kilo 15. Chesi na yule tunayemwita paa tu ni wadogo zaidi. Mnyama mdogo wa kucheua hawezi kujaza tumbo kwa majani makavu kama ng'ombe. Anachagua: tunda, ua, chipukizi, jani bichi. Na sehemu kubwa ya hivyo haioti chini, inaanguka. Kima wakiwa juu ya mkuyu wanakula, tazama chini kwa utulivu, huenda ukamwona paa anaokota. Kima ni mlaji wa fujo, anauma tunda mara moja na kulitupa. (Najua mwenye migomba hapendi kusikia kima akisifiwa.) Pemba kazi hiyo hufanywa pia na popo wakubwa wa kule, wale wanaolala kwa makundi Kidike.

Kwa hiyo ukifyeka miti mirefu umeondoa ghala lenyewe. Tena umempa mbwa wa wawindaji njia ya kukimbilia. Paa nunga hupenda kichaka kilichoshikana; ni mnyama wa Unguja na wa misitu michache ya pwani ya Kenya kama Arabuko-Sokoke, na akikosa pa kujificha haji hata umwekee nini.

Sasa kupanda. Wengi hukimbilia embe na zambarau, miti mizuri, lakini humwaga matunda kwa pamoja kisha basi. Paa anahitaji kitu cha kula miezi yote, na hapo hakuna mti unaomfikia mkuyu na jamaa zake. Tini zake huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaozaliwa ndani ya tunda lenyewe, na nyigu hao huishi muda mfupi mno, hivyo lazima wapate mti mwingine ulio tayari karibu wakati wowote wa mwaka. Ndiyo maana mikuyu haizai kwa msimu mmoja: huu umeiva leo, ule wa jirani bado. Mikuyu kadhaa iliyotawanyika katika shamba lako na mashamba ya jirani ina faida kuliko safu ndefu ya miembe. Ule mkongwe uliopo usiuguse hata kama kuni zimepanda bei.

Chini yake acha vichaka vya asili vijiotee: mkwamba, mdaa, mgo, mkunazi. Mbungo nao usiukate eti kwa kuwa unatambaa ovyo.

Kuhusu maji, watu huchimba vidimbwi na kuvitia saruji. Gharama bure. Kisiwa cha Chumbe hakina kisima wala chemchemi, nyumba zake hutumia maji ya mvua, na paa nunga waliopelekwa kule wanaishi ndani ya msitu wa maweni, yaani ulioota juu ya mawe ya matumbawe. Maji yao mengi yamo katika majani mabichi na matunda. Maganda ya embe na mabaki ya jikoni pia usiwamwagie. Utawazoesha kusogea karibu na nyumba, kwenye mbwa.

Jamii kadhaa za mikuyu hushika kwa kipande cha tawi. Kata tawi lililokomaa, nene kama kifundo cha mkono, masika yanapoanza. Kwenye maweni usihangaike kuvunja jiwe: tafuta shimo lililojaa udongo na majani yaliyooza, chomeka humo, shindilia, kisha zungushia miiba mbuzi wasilifikie mpaka litoe majani mapya.