Je, wajua kwa nini birika la umeme linachelewa kuchemka jioni?

Swali hili aliniuliza mama mmoja jirani yetu hapa Tororo, Uganda, anauza chai na chapati, akaniambia "mwanangu, asubuhi birika langu linachemka nikiwa bado natafuta vikombe, lakini saa mbili usiku nangoja mpaka wateja wanaondoka, sasa nani ananiibia yuniti za Yaka?" Yaka ni ile mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Hakuna anayemwibia, ila swali lake lina hesabu yote ya umeme wa nyumbani ndani yake, na simu yako inatosha kuifanya.

Chukua birika lako, yaani ile wengi hapa tunaita pakoleta, lichomoe, limwage maji, ligeuze uangalie kibandiko cha chini. La mama limeandikwa 220-240V na 1850-2200W. Volti ni msukumo, ampia ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, wati ni joto unalopata kila sekunde, na wati ni volti mara ampia basi. Kwa hiyo 2200 gawa kwa 240 unapata ampia 9.17. Ukitaka ukinzani, yaani ile koili ya kuchemshia ndani ya birika inaubana umeme kiasi gani, chukua volti gawa kwa ampia: 240 kwa 9.17 ni omu 26.2. Sasa chukua zile namba ndogo, 1850 gawa kwa 220 ni ampia 8.41, alafu 220 gawa kwa 8.41 ni... omu 26.2 tena! Mimi siku ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kumbe kile kibandiko kinasema kitu kimoja tu kwa njia mbili, koili ni ile ile, ukiipa volti 220 inatoa wati 1850, ukiipa 240 inatoa 2200. Aliyeonyesha vizuri kwamba volti na ampia zinaenda pamoja hivi ni mwalimu wa Kijerumani, Georg Ohm, kwenye kitabu chake cha mwaka 1827, ndo maana ukinzani tunaupima kwa jina lake.

Turudi kwa mama. Nilienda na mita yangu ya kupimia volti jioni, wakati kila nyumba ya mtaa imewasha taa, tivi, pasi na majiko ya koili kwenye transfoma moja, nikapima kwenye soketi yake, ikasoma 180. Kutoka 240 hadi 180 ni robo tu imepotea, kwa hiyo mtu angesema joto nalo limepungua robo. Hapana! Koili bado ni omu 26.2, kwa hiyo volti zikishuka na ampia zinashuka pia, 180 gawa kwa 26.2 ni ampia 6.87, alafu 180 mara 6.87 ni wati 1237 hivi. Kutoka 2200! Yaani umekatwa mara mbili, kwanza kwenye volti, tena kwenye ampia, na karibu nusu ya moto imeenda. Birika lililojaa lita 1.7, maji ya nyuzi 25, kwa huku kwetu juu ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, linataka kama dakika nne kwa wati 2200, na karibu dakika saba kwa 1237. Ndo zile dakika wateja wanaondokea.

Na yuniti? Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima. Wati nyingi kwa muda mfupi au wati chache kwa muda mrefu, maji yale yale yanataka joto lile lile, kama yuniti 0.14 kila mara, labda inaongezeka kidogo jioni kwa sababu birika likikaa sana joto linatoroka pembeni. Kwa hiyo mama anapoteza muda na wateja, yuniti ni karibu zile zile.

Lakini nilipogusa plagi yake ndo nikashtuka, ilikuwa ya moto kabisa na soketi imebadilika rangi, kahawia kuzunguka tundu moja. Hapo hesabu ile ile inatisha. Pini ikilegea kwenye soketi, pale panapogusana panakuwa na ukinzani wake. Tuseme ni omu 1 tu, ukijumlisha na za koili ni 27.2, kwa volti 240 zinapita ampia 8.8. Joto la pale ni ampia mara ampia mara ukinzani, 8.8 mara 8.8 mara 1, wati 77 hivi. Ile ni balbu ya zamani ya wati 75 inawaka ndani ya plagi, mahali padogo kama ncha ya kidole! Plastiki haiwezi kuvumilia hiyo, na fyuzi ya ampia 13 haitakatika kwa sababu ampia hazijazidi, zimepungua. Kwa hiyo usijipe moyo eti fyuzi ipo, plagi ikiwa ya moto chomoa, tafuta fundi.

Friji usiipigie hesabu ya birika. Ile ina mota, na volti zikishuka mota bado inalazimika kusukuma mzigo ule ule, kwa hiyo inaweza kuvuta ampia nyingi zaidi, waya zake zinachemka mpaka zinaungua. Birika likipata umeme mdogo linachelewa tu, friji inaweza kufa, ndo maana watu wananunua kile kifaa cha kuikata umeme ukishuka sana.

Soketi ya mama tulizima swichi kuu, nikaitoa, nikaweka mpya na plagi mpya, nikabana skrubu vizuri. Jioni hiyo hiyo tukachemsha birika mbili mfululizo, mita ikasoma 183, maji yakachelewa vile vile, lakini aliposhika plagi ilikuwa baridi.