Uko upande wa nani?

Kila ninapotoa mhadhara juu ya saikolojia ya mageuko, yaani elimu ya jinsi akili ya binadamu ilivyojengeka tangu enzi za mababu, hakosi mtu wa kuniambia kwamba ubaguzi wa rangi umo damuni, kwamba binadamu kaumbwa kumchukia asiyefanana naye. Jibu langu ni kwamba mababu zetu walisafiri kwa miguu. Kwa sehemu kubwa ya historia yetu, mtu alizaliwa, akazeeka na kufa bila kumwona mwenye rangi tofauti sana na yake. Akili ingejengaje kinga dhidi ya watu ambao hawajapata kuonekana? Aliyeweza kukuvamia usiku alikuwa jirani, na sura yake ilikuwa kama yako.

Naamini kilichojengeka ni hesabu ya miungano: nani yuko na nani, na ugomvi ukizuka nani atamfuata nani. Rangi, lafudhi na mavazi ni dalili tu za kusaidia hesabu hiyo. Dalili ikiacha kusaidia, hutupwa.

Mwaka 2001 watafiti Robert Kurzban, John Tooby na Leda Cosmides walilipima wazo hili. Waliwaonyesha watu picha za wachezaji wa timu mbili za mpira wa kikapu waliokuwa wakizozana, kila picha na maneno yake, kisha wakauliza: nani alisema nini? Utamu uko kwenye makosa. Ukimpachika mmoja maneno ya mwenzake, umefichua kwamba kichwani mwako wawili hao wamo kapu moja. Jezi zilipokuwa za rangi moja, wahojiwa waliwachanganya zaidi watu wa rangi moja ya ngozi. Timu zilipovaa jezi tofauti, kosa hilo lilipungua sana, na la kuchanganya wa timu moja likapanda. Mazoea ya maisha mazima yalilegezwa kwa dakika zisizofika 4! Mazoea ya kuwapanga watu kwa jinsia hayakulegea hivyo, na hapo ndipo ninaposhawishika zaidi, kwa sababu wanaume na wanawake wamekuwapo siku zote.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel alikuwa ameshaonyesha mapema, kwa wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, jinsi kapu linavyotosha hata likiwa tupu. Aliwagawa kwa visingizio, kama vile nani kapenda michoro ya msanii Klee na nani ya msanii Kandinsky, kisha kila mmoja akawagawia wengine fedha bila kujipa mwenyewe. Wengi walipendelea upande wao. Wapo waliokubali hata wenzao wapate kidogo, ilimradi wale wengine wapate kidogo zaidi. Siuiti upumbavu. Katika ugomvi, kinachoamua ni pengo la nguvu.

Sokwe wanalijua pengo hilo. Huko Gombe, Tanzania, kati ya 1974 na 1978, watafiti wa Jane Goodall, mchunguzi wa sokwe, walifuatilia jinsi madume wa kundi la Kasakela walivyowamaliza wale wa kundi la Kahama. Godi, dume wa kwanza wa Kahama kuuawa, alivamiwa Januari 1974 akiwa peke yake. Miaka michache nyuma wote walikuwa kundi moja, wakichambuana manyoya. Mtafiti wa sokwe Richard Wrangham anaeleza kwamba sokwe huua hasa pale wengi wanapomkuta mmoja, maana hapo mshambuliaji hahatarishi kitu.

Kwetu sisi mambo yana fundo zaidi, na fundo lenyewe ni mtu wa tatu. Wawili wakigombana, watazamaji wanapaswa kuchagua. Wote wakimfuata rafiki, nguvu hulingana na ugomvi hukua. Wote wakimfuata mbabe, wamejitengenezea dikteta. Asiyechagua hugeuka popo, si ndege si mnyama, na pande zote humshuku. Lililo salama ni kuwa pale watakapokuwa wengi, ila kila mmoja anasubiri kuona wenzake wanaelekea wapi.

Ndiyo maana, nikisoma hotuba za uchochezi, huwa sishughuliki sana na uongo uliomo. Natazama imesemwa wapi. Tuhuma ileile ikinong'onezwa kwa watu elfu, mmoja mmoja, kila mtu hubaki nyumbani na shaka zake. Ikitamkwa mbele yao wote kwa pamoja, kila mmoja humwona mwenzake ameisikia, na humwona mwenzake akimwona.