Albamu za mkusanyiko wa taarab: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, albamu ya taarab inayodumu kuliko nyingine ni ile iliyokusanya sauti za watu na nyakati mbalimbali. Ndiyo inayowekwa siku ya Idi watu wakisubiri chakula, ndiyo inayoazimwa isirudi, na ndiyo inayowafanya wazee wakatishe mazungumzo ili ubeti upite. Hata hivyo, albamu hizi zimezungukwa na maneno yasiyo sahihi, mengine ya dharau na mengine ya sifa zilizopita kiasi. Naona yafaa yachambuliwe, kwa sababu mwenye kuyaamini huishia kusikia nusu tu ya kile alicho nacho.

Dhana: Mkusanyiko ni makombo, na albamu ya kweli ni ya msanii mmoja.

Taarab ya pwani yetu haikuzaliwa ndani ya albamu. Mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walipokwenda Bombay mwezi wa Machi 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, walitia sauti wimbo mmoja mmoja, na kila wimbo ukakaa kwenye upande mmoja wa sahani ya santuri au ukagawanywa katika pande mbili. Miongo minne baadaye, sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizotolewa Mombasa kwa chapa ya Mzuri nazo zilibeba wimbo mmoja au miwili tu. Hapa Zanzibar, kwa muda mrefu baada ya 1964, nyimbo nyingi za klabu zilirekodiwa kwenye tepu za redio, zikarushwa hewani, na wasikilizaji wakazinasa nyumbani kwa kaseti, bila ya kupitia dukani. Aliyezikusanya nyimbo za namna hiyo hakuvunja albamu ya mtu ili achote vipande. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuziweka pamoja mahali pamoja.

Tena, tukiutazama vizuri usiku wa taarab wenyewe, tutaona kwamba nao umepangwa hivyo hivyo. Klabu hufungua kwa bashraf, muziki mtupu usio na maneno, ambapo vyombo kama kanuni (chombo bapa cha nyuzi nyingi), udi, fidla, nai (filimbi ya mwanzi) na akodiani husikika kabla ya sauti ya mtu. Kisha hutoka mwimbaji na wimbo wake mmoja au miwili, akakaa, akatoka mwingine mwenye sauti na tabia tofauti, na maneno yaliyotungwa na mtu mwingine. Msikilizaji aliyelelewa na usiku wa aina hiyo hana ugeni na albamu inayomhamisha kutoka sauti moja hadi nyingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya mikusanyiko kupendwa, nayo husahaulika kila tunapoipima kwa kipimo cha albamu za pop za Ulaya na Marekani, ambako mwimbaji mmoja hutazamiwa kuubeba mzigo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Dhana: Taarab ya Zanzibar iligunduliwa na kampuni za Ulaya zilipotoa mikusanyiko yake.

Mwaka 1988 na 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa juzuu nne za muziki wa Zanzibar, zikiwa na sauti zilizorekodiwa hapa hapa. Juzuu ya pili ilikuwa ya klabu ya Ikhwani Safaa na ya nne ya klabu ya Mila na Utamaduni, inayojulikana nje kwa jina la Culture Musical Club. Kwa wasikilizaji wengi wa ng'ambo ya bahari hizo zilikuwa habari mpya kabisa. Lakini Ikhwani Safaa iliasisiwa 1905, kwa hiyo juzuu hiyo ilipotoka klabu ilikuwa na umri wa miaka 83, na Mila na Utamaduni yenyewe ina mizizi yake katika mwaka 1958. Nyuma zaidi kuna mapokeo ya enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ya kwamba alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni. Muziki wenye historia ya namna hiyo haugunduliwi na mtu yeyote mwenye maikrofoni, hata akiwa hodari vipi.

Sifa ya waliozitayarisha albamu hizo iko kwingine, nayo ni kubwa. Waliirekodi okestra kwa vyombo bora kuliko vile vya kaseti zilizokuwa zikizunguka mitaani, hata selo na besi, ambavyo kwenye kaseti husikika kama mngurumo wa mbali, vikapata sauti yake. Wakaandika majina ya klabu na ya wanamuziki. Aliyekuwa akiijua Ikhwani Safaa kwa kusikia tu redioni aliweza sasa kutofautisha fidla zikijibizana na akodiani, na kwa mpenzi wa taarab hilo si jambo dogo, kwa sababu majibizano hayo baina ya beti ndiyo yanayompa mwimbaji pumzi na msikilizaji muda wa kuyatafakari maneno.

Kazi hiyo iliendelezwa kwa mfululizo uitwao Zanzibara, unaotolewa na Buda Musique ya Ufaransa chini ya uhariri wa Werner Graebner. Juzuu yake ya kwanza ilitoka 2005, Ikhwani Safaa ilipotimiza miaka mia moja, na iliwekwa kwa ajili ya klabu hiyo.

Dhana: Nyimbo za zamani zilikuwa fupi, taarab ndefu imekuja na zama za kinanda cha umeme.

Hili husemwa na watu waliozisikia rekodi za miaka ya 1920 na 1930, na kosa lao linaeleweka. Upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 yenye ukubwa wa kawaida hubeba muziki wa dakika tatu na kidogo, basi. Ufupi unaosikika ni wa sahani. Mbele ya watu wimbo ule ule uliweza kuendelea mara kadhaa ya muda huo, kwa sababu ubeti hurudiwa, kiitikio hupokewa, na kila anayeinuka kumtuza mwimbaji hurefusha mambo.

Ubeti wa taarab ya kale mara nyingi una mistari mitatu, kila mstari una mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mtunzi huijenga hoja yake ubeti kwa ubeti: hufumba katika wa kwanza, akasogea karibu kidogo katika wa pili na wa tatu, na mara nyingi fumbo hufunguka kwenye ubeti wa mwisho, kama linafunguka kabisa. Mhandisi wa sauti anapoonesha kwa mkono kwamba muda umekwisha, ubeti wa mwisho ndio unaobaki nje. Kwa hiyo msikilizaji wa leo anaposema kwamba wimbo fulani wa zamani hauna maana iliyokamilika, huenda anasikia wimbo uliokatwa, na lawama haimfikii mtunzi.

Hapa ndipo mkusanyiko mzuri unapoonesha thamani yake. Wimbo uliogawanywa katika pande mbili za sahani huungwa ukasikika mfululizo. Wimbo mmoja uliorekodiwa na watu wawili katika miongo miwili tofauti unaweza kuwekwa katika albamu moja, na beti zilizokosekana kwa huyu zikapatikana kwa yule. Nyumbani nimeona watu wakizilinganisha rekodi za aina hiyo kwa makini ambayo hawaupi muziki mwingine wowote, wakibishana juu ya neno moja, kila mmoja akimtaja marehemu aliyemfundisha wimbo huo. Mapenzi ya mikusanyiko hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni mapenzi ya maneno.

Dhana: Penye jina la Zanzibar kwenye jalada, ndani mna muziki wa Zanzibar.

Mfululizo wa Zanzibara unatosha kuonesha kwamba sivyo. Juzuu yake ya pili ni ya taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Ya tatu ni ya dansi la Tanzania Bara la miaka ya 1960, na ya tano inarejea kwenye dansi, safari hii la Dar es Salaam la miaka ya 1978 hadi 1983. Hakuna udanganyifu hapo, maana yaliyomo yametajwa wazi, ila asiyesoma jalada hununua magitaa akitarajia kanuni. Taarab ya Mombasa, ya Tanga na ya Unguja zina undugu wa karibu, lakini mwenye sikio huzitambua mara moja. Ya Mombasa ilifungamana sana na vikundi vidogo vya harusini na ikapokea ladha za muziki wa filamu za Kihindi, wakati klabu kubwa za Unguja zilishikilia okestra yenye fidla nyingi kwa mfano wa Misri.

Jambo jingine laniuma zaidi. Kutokuwepo kwa Pemba katika albamu nyingi zenye jina la Zanzibar kumewafanya wengine waamini kwamba Pemba haina muziki wa kurekodiwa. Watayarishaji walifanya kazi zao karibu na klabu kubwa za mjini Unguja, na kile walichokiacha hakikukoma kwa sababu hawakukifikia. Msewe ni ngoma ya Pemba, kirumbizi, mchezo wa fimbo, kinachezwa huko mpaka leo, na taarab imekuwa ikipigwa Wete na Chake Chake kwa wapenzi wake wenyewe. Albamu husema kilichorekodiwa, haiwezi kusema kilichopo chote.

Dhana: Taarab halisi ni ya okestra kubwa, kwa hiyo mkusanyiko unaochanganya na vikundi vidogo umeharibika.

Kidumbak, taarab ya kikundi kidogo, hutumia fidla moja, sanduku linalotoa besi, cherewa (njuga za kutikiswa), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na vigoma viwili vidogo, na wanamuziki wake wengi ni wale wale wanaokaa kwenye okestra. Makame Faki aliimba katika klabu ya Mila na Utamaduni na pia akaongoza kidumbak chake. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliimba taarab na akapiga ngoma za unyago, na juzuu ya nne ya Zanzibara imewekwa kwa ajili yake. Kumtenga na upande mmoja wa kazi yake ili albamu iwe safi ni kumpunguza.

Dhana: Nyimbo zinazotumwa kwa simu ni zile zile, basi albamu haina faida tena.

Furushi la nyimbo mia linalopita simu kwa simu lina faida yake, na nyimbo nyingi zimeokoka kwa njia hiyo. Lakini faili iliyonakiliwa kutoka kaseti, iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, iliyonaswa redioni, imepoteza kitu katika kila hatua. Kinachopotea kwanza ni sauti za juu, ambazo ndizo zinazobeba mlio wa kanuni na konsonanti za mwimbaji, ndiyo maana neno hubishaniwa.

Kuna pia suala la kasi, ambalo wachache hulizingatia. Sahani za zamani ziliitwa za mizunguko 78, lakini mashine za kurekodia hazikuwa na kasi moja, na nyingine zilizunguka polepole au haraka kuliko idadi hiyo. Kasi ikizidi kwa takriban asilimia 6, sauti yote hupanda kwa nusu toni, wimbo ukafupika, na mwimbaji wa makamo akasikika kama msichana. Mtayarishaji anayejua kazi yake husikiliza vyombo, akakisia jinsi nyuzi zake zilivyokuwa zimekazwa, ndipo akachagua kasi. Mkusanyiko wa rekodi za Tanzania na Kenya za miaka ya 1920 hadi 1950, uliotolewa 2007 na Topic Records ya Uingereza kwa ushirikiano na maktaba ya taifa ya nchi hiyo, uliandaliwa na Janet Topp Fargion, mtafiti aliyeishughulikia taarab ya wanawake wa Zanzibar kwa miaka mingi. Ujuzi wa namna hiyo hauji pamoja na furushi la simu.

Dhana: Wimbo wa kale hauna mwenyewe.

Dhana hii hutokana na mikusanyiko mibaya, inayoandika tu kwamba wimbo ni wa asili na kuishia hapo. Katika klabu zetu kazi zimegawanywa: yupo aliyetunga maneno, yupo aliyetia muziki, na yupo aliyeimba, na mara nyingi hawa ni watu watatu tofauti. Mwimbaji ndiye anayekumbukwa, naye mtunzi wa maneno hufa na jina lake likabaki kwa wanachama wenzake. Katika kundi la Siti binti Saad walikuwemo Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Budda Swedi na Maalim Shaaban, na kila mmoja alikuwa na mchango wake. Lakini wangapi wetu huwataja?

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na ina jumuiya ya COSOZA kwa ajili ya haki za wabunifu, na kisheria maneno, muziki na rekodi ni haki tatu zinazoweza kuwa za watu tofauti. Haki hizo zina muda wake kisheria, lakini wimbo kuitwa wa kale hakutoshi kuonesha kwamba muda huo umekwisha. Kijitabu cha albamu kinapotaja mtunzi, mtia muziki, mwimbaji na mwaka, warithi hupata pa kuanzia madai yao, na msikilizaji hupata majina ya kuwauliza wazee wangali hai. Anayenunua mkusanyiko wa taarab kwa bei ya leo ana haki ya kuyadai majina hayo kabla ya kulipa.