Kiboko William hakufinyangwa kwa udongo

Kila anapotajwa William, yule kiboko mdogo wa buluu aliyemo katika Makumbusho ya Metropolitan jijini New York, hakosekani mtu wa kunifahamisha kwamba ni sanamu ya udongo iliyopakwa rangi. Kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya aina hii, na uvumilivu wangu umefika ukingoni.

Yaliyo mepesi nitayapitia upesi. Sanamu hiyo ilitoka katika kaburi la ofisa Senbi wa Pili huko Meir, Misri, ni ya Nasaba ya 12 ya wafalme wa Misri ya kale, na urefu wake ni sentimita 20 hivi. Miguu mitatu ni ya kuundwa upya, kwa kuwa ile ya awali ilivunjwa, yaelekea kwa makusudi, ili mnyama asimdhuru marehemu.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe, ambao ni faiensi: kwatzi (madini magumu ya mchanga) iliyosagwa, chokaa kidogo, na magadi au jivu la mimea. Udongo wa mfinyanzi ama haumo kabisa, ama umetiwa kidogo tu wa kushikanisha. Buluu ni shaba iliyoyeyukia ndani ya utando wa kioo. Kilichochorwa kwa brashi ni ile mistari myeusi ya mayungiyungi, na weusi wake ni wa madini ya manganizi. Tofauti hii si ubishi wa wasomi, kwa sababu udongo humtii mfinyanzi, ilhali kinyunga cha kwatzi huwa kigumu mwanzoni, kisha hulegea ghafla na kuporomoka mkononi. Ndiyo maana vitu vingi vya faiensi ni vidogo, na mafundi walitegemea sana kalibu. (Najua, London ipo fimbo ya faiensi ya mfalme Amenhotep wa Pili wa Misri inayozidi mita 2; fundi wake alikuwa na moyo kuliko wangu.)

Utando nao mara nyingi haukupakwa. Kinyunga kinapokauka, chumvi za magadi husafiri na maji hadi juu na kutanda kama zinavyotanda kwenye kuta za nyumba kongwe za pwani, kisha katika tanuri, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi, huyeyuka pamoja na kwatzi na kuwa kioo. Njia ya pili ni kukizika kitu katika unga wa kuking'arisha, na ya tatu ni kukipaka uji wake. Vitabu hutoa alama za kuzitenganisha njia hizo kana kwamba kila kitu hubeba cheti cha kuzaliwa. Mezani, mbele ya kipande kilichokaa ardhini miaka elfu kadhaa, alama hizo huchanganyika au hutoweka, na fundi yuleyule aliweza kutumia njia mbili kwa kitu kimoja. Nisipoona sehemu iliyovunjika, huandika “yaelekea”, na wasimamizi wa maonyesho hulifuta neno hilo kabla lebo haijachapishwa.