Kufuta Historia ya Kivinjari Hakutoshi

Katika nyumba nyingi hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, kompyuta moja hutumiwa na familia nzima na majirani juu. Huyu anajaza fomu ya mkopo wa chuo, yule anaangalia matokeo ya mtihani. Wakimaliza, wachache hufuta orodha ya tovuti walizofungua, wakaondoka wakiamini hakuna kilichobaki.

Kimebaki kingi. Kwenye Windows, kumbukumbu za kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hukaa ndani ya folda ya AppData, ambayo mfumo wenyewe huificha. Humo Chrome ina faili iitwayo History, na Firefox ina places.sqlite. Zipo pia nakala za picha na kurasa, yaani kashe, pamoja na vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta ili zikutambue. Mimi naogopa vidakuzi kuliko vyote, kwa sababu kidakuzi kikiwa bado hai, atakayekaa baada yako anaweza kuingia kwenye barua pepe yako bila kuulizwa nywila.

Usiingie AppData kufuta kwa mkono. Ni rahisi kuharibu kitu kingine. Fungua kivinjari, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Hapo wengi hukosea: kipindi kinachoonekana mara nyingi ni saa moja iliyopita tu. Chagua muda wote, kisha weka tiki kwenye historia, vidakuzi na kashe. Utatolewa kwenye akaunti nyingi ulizoingia, kwa hiyo hakikisha unazikumbuka nywila zako kwanza. Kama uliingia kwa akaunti ya Google, kagua pia shughuli zilizohifadhiwa kwenye akaunti hiyo, maana hizo haziko ndani ya kompyuta peke yake.

Kuna folda moja isiyoguswa na hatua hizi zote: Downloads, yanakokaa mafaili uliyopakua. Vyeti vya kuzaliwa, nakala za kitambulisho cha NIDA, barua za ajira, vyote hubaki humo hata historia ikiwa tupu. Vifute, kisha safisha na Recycle Bin, yaani kapu la vilivyofutwa. Wenye steshenari nawasihi wafanye hivyo kila mteja anapoinuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawataka wanaoshika taarifa za watu wazilinde.

Unapouza kompyuta, kufuta faili hakutoshi, kwani zinaweza kurejeshwa kwa programu maalumu. Tumia Reset this PC, chaguo la Windows la kuirudisha kompyuta ilivyokuwa mwanzo, ondoa kila kitu, na uchague pia kusafisha diski. Huchukua saa kadhaa, basi ianze mapema kabla mnunuzi hajabisha hodi.