Kutoka Kitandani Mulago Hadi Chanjo ya Shuleni: Maswali na Majibu Kuhusu Watafiti wa Saratani

Ukimtajia mtu "mtafiti wa saratani", wengi humwona mtu wa koti jeupe kwenye maabara ya vioo, Ulaya huko. Lakini ifuatilie chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wanayochomwa mabinti zetu shuleni, urudi nyuma hatua kwa hatua, na njia mojawapo itakufikisha Kampala, Hospitali ya Mulago, mwaka 1957, kwa mtoto aliyevimba mataya. Haya ni maswali yanayoulizwa sana, mengine ya historia, mengine ya mzazi aliyekaa na mtoto kwenye foleni ya zahanati.

Kansa ya taya ya watoto iligunduliwa na nani, na aligunduaje?

Inaitwa limfoma ya Burkitt (limfoma ni kansa ya seli za kinga), kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho la kulia likapotea. Upasuaji wote wa maisha yake aliufanya kwa jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi kabla ya kuhamia udaktari. Uganda alifika 1946, akapangiwa Lira, na miaka miwili baadaye akahamishiwa Mulago.

Mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari aliyesifika kwa kazi yake juu ya kwashakoo, alimwita amtazame mvulana wa kama miaka 5. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kushoto na kulia, juu na chini. Jambo hilo halikuingia akilini. Usaha wa jino hukaa upande mmoja, na hata uvimbe wa mfupa huanzia mahali pamoja. Huyu alikuwa na uvimbe kwenye pembe zote nne za mataya. Burkitt akampiga picha, akabaki na fumbo lake.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akizungukia wagonjwa. Akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto amekaa kwenye majani na mama yake, uso ni uleule. Akatoka nje kumpima. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mgonjwa mmoja unaweza kumwita kioja ukaendelea na kazi, lakini wa pili ameshakuharibia usingizi. Burkitt akarudi Mulago na kuzama kwenye mafaili ya watoto wenye uvimbe. Akakuta kwamba wenye mataya yaliyovimba mara nyingi walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini au ovari pia, na kila mmoja kaandikiwa jina la ugonjwa tofauti kulingana na mahali uvimbe ulipoonekana. Akasema huu ni ugonjwa mmoja. Makala yake ilitoka 1958.

Neno "kugundua" nalitumia kwa tahadhari. Albert Cook, aliyefungua Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alishaandika habari za watoto wa namna hii miongo kadhaa kabla. Na akina mama wa Uganda hawakungoja makala ya mtu kujua kwamba kuna uvimbe wa uso unaoua watoto.

Nimesikia alizunguka Afrika kwa gari kuutafuta ugonjwa. Ni kweli?

Ni kweli, na kwangu hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Kwanza alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza: kwenu mnamwona mtoto wa namna hii? Majibu akayachoma kwa pini kwenye ramani. Ukajitokeza ukanda unaokatiza katikati ya Afrika, lakini kingo zake hazikueleweka.

Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili: Ted Williams, daktari wa misheni wa Kuluva, West Nile, ambaye pia aliijua injini vizuri, na Cliff Nelson. Gari lilikuwa Ford kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walikwenda kama kilomita 16,000, wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika swali lilikuwa lilelile, na picha zilezile zikiwekwa mezani. Wenyewe waliiita "safari" ndefu, kwa neno letu hilihili.

Walichokipata ni kwamba ugonjwa una mipaka ya hali ya hewa. Karibu na ikweta haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ulishuka chini zaidi. Alexander Haddow, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, aliwafumbua macho: kilichokuwa kinaukata ugonjwa ni baridi, urefu wa mlima ni kisingizio tu. Mahali penye baridi au pakavu, haupo. Penye joto na mvua, upo. Hiyo ni ramani ya mbu.

Kwa hiyo mbu analeta kansa?

Hapana, na wao wenyewe waliteleza hapo. Walidhani mbu anabeba kirusi cha kansa. Ikaja kujulikana kwamba mambo ni mawili. Kirusi kipo, kinaitwa Epstein-Barr, lakini kinapita kwa mate. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanacho, na kwetu watoto wengi hukipata kabla ya kuanza shule, bila dalili yoyote. Mbu analeta malaria. Mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, mwili wake huzalisha kwa wingi aina ya seli za kinga zilezile ambazo kirusi hujificha ndani yake, huku uwezo wa kuzidhibiti ukipungua. Katika msongamano huo, seli moja inaweza kukosea, kipande cha kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) kikahamia pasipo pake, na seli ikaanza kugawanyika bila breki.

Kansa yenyewe haiambukizi. Mtoto mwenye uvimbe acheze na wenzake, ale nao sahani moja, alale nao. Wapo waliofichwa chumba cha nyuma kwa hofu ya bure.

Mwanangu amevimba shavu. Nitajuaje kama ni jino, matubwitubwi au hii?

Kwa macho huwezi kuwa na hakika, lakini yapo ya kutazama. Matubwitubwi huja na homa na maumivu, na huisha kwa wiki moja au zaidi kidogo. Jino lililotunga usaha linauma sana, mara nyingi upande mmoja. Limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, kwani seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Leo shavu limejaa, wiki ijayo jicho linasukumwa nje. Meno yanalegea bila kuoza, na ukifungua mdomo unayaona yamepinda huku na huku. Mara nyingine uso uko salama ila tumbo linavimba, au miguu inaishiwa nguvu ghafla. Wanaopata zaidi ni watoto wa miaka 4 hadi 7.

Kosa linalojirudia ni kung'oa jino lililolegea na kurudi nyumbani. Jino likilegea kwa mtoto mwenye shavu linalokua, ombeni rufaa hospitali kubwa akatolewe kinyama kipimwe, na mfanye hivyo wiki hiyohiyo. Tanzania, Muhimbili na Bugando wanawatibu watoto hawa. Kenya kuna Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi pale Eldoret, na Uganda taasisi ya saratani iko palepale Mulago.

Kirusi kilionekanaje?

Machi 1961, kabla ya ile safari ya gari, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali moja London. Ukumbini alikuwapo Anthony Epstein, kijana aliyekuwa akitafiti kirusi kinacholeta kansa kwa kuku. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mhadhara haujaisha alikwisha amua kuacha mengine yote afuate hili. Wakakubaliana vinyama kutoka Kampala vipelekwe kwa ndege.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipomfikia, maji yake yalikuwa meupe ya kuchafuka, kama yameingiwa na bakteria. Mtu mwingine angeimwaga, na nani angemlaumu? Epstein akachukua tone, akaliweka chini ya hadubini. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa seli hai za uvimbe, zimejibandua na kuelea. Kumbe zilitaka kuoteshwa hivyo, zikielea. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na mapema 1964, kwenye hadubini ya elektroni, kirusi kikaonekana. Makala ilibeba majina matatu: Epstein, Barr, na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ambaye jina lake halikuingia kwenye jina la kirusi.

Inatibika?

Inatibika, na ni miongoni mwa kansa za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa pekee. Sababu yenyewe inachekesha kidogo: Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakiwezi kuondoa uvimbe ulioko taya, figo na ini kwa pamoja. Zikabaki dawa. Burkitt alizijaribu kwa dozi ndogondogo, na kuna watoto ambao uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache na haukurudi.

Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha limfoma Mulago, mkuu wake akiwa Mmarekani John Ziegler. Ziegler alipoondoka 1972, enzi za Idi Amin, kazi ikamwangukia Mganda Charles Olweny, katika miaka ambayo hata kupata dawa kulikuwa mtihani. Jackson Orem alipochukua uongozi 2004, kwa kipindi alikuwa daktari bingwa wa saratani pekee katika nchi nzima. Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani, ya mwaka 1972 ilimtaja pia Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyewatibu watoto hawa Ibadan, Nigeria. Majina haya huyasikii mara nyingi kama la Burkitt, na sioni sababu ya haki.

Leo mtoto hupewa kemo, mchanganyiko wa dawa kwa miezi kadhaa. Siku za mwanzo hutundikiwa dripu nyingi za maji, kwa sababu uvimbe ukifa kwa haraka, taka zake huelemea figo. Penye huduma kamili hupona kama 9 kati ya 10. Kwetu ni pungufu sana. Dawa ni zilezile, ila watoto hufika wamechelewa, au mzazi anaona uso umerudi sawa baada ya dozi ya kwanza, nauli imeisha, wanabaki nyumbani. Uso kurudi sawa hakumaanishi seli zimekwisha.

Haya yanahusiana nini na chanjo ya mlango wa kizazi?

Anayeunganisha ni Mjerumani Harald zur Hausen. Alijifunza kazi Philadelphia, kwa Werner na Gertrude Henle, mke na mume waliothibitisha kwamba kirusi cha Epstein kilikuwa kipya. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vimo ndani ya seli za limfoma ya Burkitt. Akajiuliza: kama kirusi huacha alama yake ndani ya kansa, mlango wa kizazi je?

Wakati huo wakubwa wa fani walishaamua kwamba mkosaji ni kirusi cha malengelenge. Zur Hausen alikitafuta asikione, na aliposema hivyo kwenye mkutano Florida mwaka 1974 alipokewa kwa ubaridi. Yeye alishuku kirusi cha papiloma (HPV kwa kifupi), jamaa ya vile vinavyoleta chunjua na vinyama vya ngozi. Mwaka 1983 timu yake ikatenga aina iitwayo HPV 16, mwaka uliofuata HPV 18. Hivyo viwili ndivyo vyenye takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Chanjo ilitoka 2006, Nobel akaipata 2008. Rwanda ilianza kuchanja mabinti nchi nzima 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019.

Kwa wanaohofia: chanjo hii haifungi kizazi. Inazuia kirusi kabla hakijaingia, ndiyo maana hutolewa kwa mabinti wadogo. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi 1 kwa walio wengi, ingawa wanaoishi na VVU huhitaji zaidi. Mama aliyekwisha kuwa mtu mzima chanjo ya binti yake haimsaidii, aende akachunguzwe.

Burkitt aliishia kwenye kansa ya taya?

Hapana. Aliporudi Uingereza alishika habari za choo, kwa maana halisi. Alipima uzito wa vinyesi, akakuta mwanakijiji wa Afrika anatoa mara kadhaa ya Mwingereza, na saratani ya utumbo mpana kwake ni nadra. Akahubiri nyuzinyuzi hadi kifo chake 1993. Si yote aliyoyasema yalisimama, lakini kuhusu utumbo mpana na nafaka isiyokobolewa utafiti wa baadaye umemuunga mkono. Kwa lugha ya jikoni kwetu, dona kuliko sembe.

Na kirusi cha Epstein-Barr, kina chanjo?

Bado, ziko kwenye majaribio. Epstein mwenyewe aliifanyia kazi miaka mingi alipokuwa Bristol. Alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102, hajaiona. Kinachoweza kuzuiwa kwa sasa ni ule mguu wa pili wa ugonjwa, yaani malaria, na kwa hiyo chandarua chenye dawa kinamhusu mtoto wa kanda ya ziwa kwa sababu moja zaidi ya ile aliyoambiwa mama yake kliniki.